Redio ya Tachi kwenye Lori la Mama Hawa

Funguo za kibanda nimeshawakabidhi, na koleo, na lehemu, na ile taa ya kupimia umeme ambayo kila mmoja wenu aliitaka na sasa naambiwa haijulikani iko wapi. Mmesema niandike na maneno machache kuhusu kazi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana kwenye karakana ya ushirika nilikoanzia kupanda cheo kulikuwa ni kuhama kutoka benchi la juani kwenda benchi la kivulini, na ikifika saa nane kivuli chenyewe kinahama. Nitaandika juu ya redio za magari. Watu wengine wanafundisha watoto na wengine wanatibu wagonjwa. Mimi nimeingiza redio kwenye dashibodi, na sijutii.

Siku yangu ya kwanza pale karakana, Singida mjini, hapakuwa na redio hata moja. Malori ya ushirika yalibeba alizeti na vitunguu, na kila lori lilikuja na tundu la redio lililozibwa kwa kipande cha bati. Fundi umeme mkuu alikuwa Mzee Chalo, mtu wa Itigi aliyekulia kando ya reli. Alinipa bisibisi akaniambia nifungue bati la kila lori nisafishe ndani. Nikamuuliza tunasafisha kwa ajili ya nini wakati redio zenyewe hakuna. Akasema, "Zitakuja. Zikija zisikute panya."

Nikasafisha. Kwenye tundu moja nilikuta soksi ya mguu mmoja na nusu ya andazi lililokuwa gumu kuliko dashibodi. Mzee Chalo alikagua kila tundu kwa kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaridhika, na tukayafunga tena kwa bati tukisubiri.

Zikaja kweli. Ilipotoka ruksa ya kila mtu kuuza na kununua, watu waliokuwa wakipanga foleni ya kuomba wakaanza kupanga foleni ya kuchagua, na walikuwa hawajazoea. Redio kaseti zilishuka kutoka Dubai kwenye maboksi yenye picha za wanawake wanaocheka. Mtu anakuja na boksi, anaonyesha kidole kwenye picha, anasema, "Nifungie hii." Mzee Chalo alikuwa anarudisha boksi pembeni, anauliza kwanza mambo yake. Nani anaendesha? Nani anakaa wapi ndani ya gari? Mzigo gani unapanda nyuma? Watu walikasirika, wakidhani anataka kujua habari za nyumbani kwao, na kwa kweli alikuwa anataka. Alisema redio haifungwi kwenye gari, inafungwa kati ya watu, na ukikosea hapo hata waya ziwe safi namna gani watakurudia.

Jambo la pili alilonifundisha ni volti. Lori lina betri mbili, zimeunganishwa, zinatoa volti ishirini na nne. Redio inataka kumi na mbili. Fundi mvivu anachomoa umeme kwenye betri moja tu, redio inaimba vizuri, anapewa soda, anaondoka. Baada ya muda betri moja inachoka na nyingine inachemka, na dereva anakwama katikati ya pori la Itigi akisikiliza muziki mzuri. Fungeni kipunguza umeme. Hili nimelisema tangu mkiwa wanafunzi wangu na kuna mmoja wenu bado halifanyi, na anajijua.

Halafu ushirika wenyewe ukafa. Tukapunguzwa kazini wote kwa siku moja, tukaambiwa sasa ni wakati wa kila mtu kujitegemea. Mzee Chalo alirudi Itigi kufuga nyuki, ambao alisema hawana waya. Mimi nikapiga mabati nyuma ya stendi, nikaandika kwa rangi FUNDI MSENGI, REDIO NA UMEME WA MAGARI, nikakaa kusubiri wateja. Uzuri wa soko huria ni kwamba kila mtu aliyekuwa hana gari alipata gari. Ubaya ni kwamba lilikuwa ni gari lililokwisha kuchoka huko lilikotoka.

Miongoni mwa wateja wa mwanzo alikuwa Mama Hawa wa Ikungi. Alianza kwa kununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapandisha juu ya basi kwenda Dar es Salaam, na ruksa ilipokolea akanunua lori. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika kijiji cha pili, na alimwajiri dereva kijana anayeitwa Ntandu. Hao wawili walikuwa wanakaa mbele pamoja kutoka Singida mpaka Dar wakicheka. Nimewahi kuwaona kwangu wakila ugali kwenye sahani moja, wakigombea kipande cha mwisho cha paja, na Mama Hawa akimpiga Ntandu kofi la mkono kama mtoto wake. Nikawafungia redio kaseti. Niliuliza nani anakaa wapi, wakasema wote mbele, nikaweka spika mbili mlangoni, kazi ikaisha vizuri.

Kisha Ntandu akamwoa Hawa, binti wa Mama Hawa.

Wengine wenu ni watoto wa mjini, kwa hiyo nieleze. Katika familia ile ukwe ulishikwa kwa heshima ya zamani. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye mahali pamoja, hali naye, na wala hasemi naye moja kwa moja. Neno linapita kwa mtu wa tatu, na halihesabiki kuwa limesemwa mpaka huyo wa tatu alirudie. Kuanzia siku mahari ilipopokelewa, watu wawili waliokuwa wakigombea paja la kuku wakawa hawawezi kutazamana. Na lori ni lilelile, na safari ni ileile, na kuku hawangoji.

Mama Hawa akahamia nyuma. Alifunga kochi la sebuleni kwa kamba nyuma ya lori, juu yake akaweka mwavuli mkubwa, akakaa hapo katikati ya matenga ya kuku na fimbo mkononi. Akigonga bodi mara moja, lori lisimame. Akigonga mara mbili, liende. Mmiliki wa lori anasafiri na kuku, dereva anasafiri mbele na kiti kitupu. Polisi wa barabarani walikuwa wanamsalimia wakidhani ni bibi harusi anayehama.

Niliishi na jambo hilo miaka kadhaa bila kulifikiria sana. Kisha ukaja wakati wa redio za tachi, redio zisizo na vifungo, kioo kitupu unakigusa kwa kidole. Kila mwenye lori akaitaka, hata yule asiyekuwa na breki.

Asubuhi moja lori la Mama Hawa lilisimama mbele ya kibanda. Mama akashuka kutoka nyuma kwa ngazi ya mbao, akaingia ndani. Mlango wa dereva haukufunguka mpaka yeye awe amekwisha kukaa. Ndipo Ntandu akashuka, akaenda kusimama nje, upande wa pili wa ukuta wangu wa bati. Ukuta ule ulikuwa na matundu ya misumari na kila neno lilipita. Hilo halikubadilisha utaratibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Mwambie huyo dereva," akasema akitazama kopo langu la bisibisi, "kwamba amegonga choo cha mnada wa Mtinko. Amegonga ukuta wa gesti Manyoni. Na juzi amegonga gari la msiba, limesimama, na wafiwa wamo ndani."

Nikatoka nje, nikazunguka kona. "Ntandu, Mama anasema..."

"Nimesikia, Fundi. Lakini sema."

Nikasema yote, choo, ukuta na wafiwa.

"Mwambie Mkwe namwomba radhi," akajibu Ntandu ameinamisha kichwa. "Lile gari la msiba lilikuwa halionekani."

"Lilikuwa linawaka taa zote!" Mama Hawa akapaza sauti kutoka ndani. Kisha akakumbuka. "Fundi, mwambie lilikuwa linawaka taa zote."

Asubuhi nzima nilizunguka ukuta ule. Nilichokielewa ni kwamba Ntandu, dereva aliyekuwa haigusi hata sufuria ya mama lishe barabarani, alikuwa akirudi nyuma anagonga. Mbele hakuna shida, nyuma ni balaa. Mama Hawa mwenyewe alikuwa anashuka kila mara kumwongoza, anasimama kona ya nyuma kushoto na kulipigia lori kelele, si dereva, "rudi, rudi, simama", lakini kuku nao wanapiga kelele zao. Nikalizunguka lori. Kona ya kushoto ilikuwa imekunjwa kama karatasi ya maandazi. Kulia hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Niliona jambo hilo, na sikulifanyia kazi.

"Mwambie," akasema Mama, "nimechoka kuomba radhi kwa wenye vyoo. Akigonga tena, namtafuta dereva mwingine. Na binti yangu siwezi kumwacha kwa mtu asiye na kazi, atarudi nyumbani na mtoto wake. Nimesikia kuna redio inaonyesha nyuma. Ninataka hiyo. Na mimi huko kwenye kochi nataka spika, nisikie matangazo ya vifo."

Niliweka redio tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya vifungo, imara, isiyopitisha vumbi. Kwa barabara zetu ndiyo ningeichagua mimi. Ya pili ilikuwa ya tachi yenye kioo kidogo, isiyo na kamera. Ya tatu ilikuwa na kioo kipana kama sahani ya pilau, na kamera ya kufunga nyuma ya lori, ndogo kama kifungo cha shati. Ukiingiza rivasi tu, kioo chenyewe kinageuka na kukuonyesha kilichoko nyuma, na mwanamke anasema jambo kwa Kichina.

"Huyo ni nani?" akauliza Mama Hawa.

"Ni mashine, Mama."

"Anamwambia nini dereva wangu?"

"Sijui, Mama. Nadhani anamwambia aangalie nyuma."

"Basi huyo tutaelewana."

Nikazipeleka redio zote tatu nje ili Ntandu naye aone. Alizitazama za kwanza mbili haraka, ya tatu akaishika muda mrefu. Kidole chake kilikuwa na ngozi ngumu ya usukani, kioo hakikukisikia, ikabidi aguse kwa kijiti cha kiberiti.

"Inaonyesha nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nyuma."

"Nyuma yote?"

"Yote. Kulia, kushoto na katikati."

Akaigeuza kioo chini. Kisha akasema, "Mwambie Mkwe ya vifungo inatosha. Nitajitahidi."

"Mwambie amejitahidi vya kutosha," ikaja sauti kutoka ndani. "Funga ya tatu."

Mkwe hambishii mama mkwe, hata kwa mtu wa tatu. Ntandu akanirudishia redio kwa mikono miwili. Niliwahi kumwona mgonjwa akimrudishia daktari kikombe cha dawa kwa namna hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, naomba mniamini. Niliweka kipunguza umeme. Waya wa kamera niliupitisha chini ya bodi ndani ya bomba ili kuku wasiudonoe, nikauunga kwenye taa ya rivasi. Spika mbili nilizifunga chini ya kochi. Nilipojaribu, Mama Hawa alikuwa kibandani akinywa chai, kwa hiyo kioo kilionyesha ukuta wa jirani na mbuzi mmoja. Mbuzi alionekana vizuri mpaka ndevu. Niliuliza maswali yote ya Mzee Chalo, nani anakaa mbele, nani nyuma, mzigo gani. Swali la nani anasimama wapi lori likirudi halikuwemo kwenye orodha ya Mzee Chalo, na mimi sikuliongeza.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda mnadani Ikungi, na mimi nilipanda mbele kuangalia kama mtikisiko utalegeza chochote. Redio iliimba vizuri njia nzima. Nyuma Mama Hawa alisikiliza matangazo ya vifo, na kila aliposikia jina analolijua alipiga bodi kwa fimbo, Ntandu akasimama, halafu tukaambiwa tuendelee.

Tulipofika mnadani lori lilitakiwa lirudi nyuma kati ya magunia ya vitunguu na meza za mitumba. Mama Hawa akashuka kumwongoza kama kawaida. Ila siku hiyo hakusimama kona ya kushoto. Alikwenda katikati kuikagua ile kamera, kama mtu anayemkagua mfanyakazi mpya. Joto lilikuwa kali, kanga ya kichwani alikuwa ameiteremsha mabegani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kamera, na kwa kuwa aliamini yuko peke yake huko nyuma, akavuta mdomo wa chini kwa vidole akaanza kuweka ugoro.

Ntandu akaingiza rivasi. Yule mwanamke akasema Kichina chake. Na kwenye kioo cha sahani ya pilau, kutoka ukingo hadi ukingo, akatokea Mama Hawa, kichwa wazi, na ufizi wote nje.

Sijawahi kusikia mtu mzima akitoa sauti ile. Ntandu alikibandika kiganja juu ya kioo ili asiuone uso. Lakini ni tachi. Kiganja kinagusa kila kitu kwa pamoja. Mama Hawa hakuondoka. Alipungua tu, akahamia kwenye kona ya juu, na katikati wakaingia wasichana wa video niliyoijaribia redio wakicheza, na muziki ukafunguka mpaka mwisho kupitia spika zangu za chini ya kochi. Ntandu alifumba macho, akafungua mlango na kuruka nje, na lori likaendelea kurudi peke yake bila dereva.

Nilivuta breki ya mkono, lakini nilichelewa kidogo. Namshukuru Mungu Mama Hawa alikuwa mwepesi. Alijirusha pembeni na ugoro wake, lori likajikita kwenye magunia ya vitunguu, matenga ya juu yakaporomoka, na kuku wakaingia mnadani kwa miguu yao. Muziki haukuzimika. Watu walikamata kuku wakicheza. Ntandu alikuwa anakimbia huku amefunika macho kwa mikono miwili, mpaka akagonga mwenyewe meza ya mitumba, akaanguka na makoti.

Tulicheka wote mnadani, hata mimi. Kicheko kilikwisha jioni nilipomwona Hawa. Alikuwa ameitwa kutoka nyumbani kwake, mtoto mgongoni, na kifurushi cha nguo kichwani, anapelekwa kwa mama yake mpaka jambo liamuliwe. Kumwona mama mkwe namna ile halikuwa kosa dogo. Alinipita akasema, "Shikamoo, Fundi. Umenirudisha nyumbani kwa waya." Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake wazee wa pande zote mbili walikaa uani kwa Mama Hawa, juu ya matenga yaliyopinduliwa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Njiku, kaka yake Mama Hawa. Lori lilikuwa hapo limewekewa mawe kwenye magurudumu. Mama Hawa alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo. Ntandu alikaa chini mbali, amegeukia ukuta. Mimi niliitwa kama shahidi wa upande wa kioo.

"Ntandu," Mzee Njiku akauliza, "ulimwona au hukumwona?"

Mtu mwenye akili angesema jua lilimpiga machoni. Ntandu akasema, "Nilimwona."

Wazee wakaguna. Mmoja wa upande wa Ntandu akadai kuona picha si kuona mtu. Mwingine akamwuliza kama ni hivyo, mbona kwenye picha ya harusi ukutani kwa Ntandu uso wa Mama Hawa umefunikwa na kipande cha kitambaa? Ikabidi watu wakubali kwamba kitambaa kipo, wengi walikuwa wamekiona. Ndipo wakataka kujionea wenyewe huo mtambo unafanyaje.

Nikawasha. Mzee wa kwanza akaenda nyuma ya lori, wengine wakajazana mbele. Wakamwona, wakashangilia. Akaja mbele, akaenda wa pili. Wa pili aliinua fimbo, wa tatu alivua kofia na kuivaa tena, wa nne alikataa kutoka mpaka aambiwe anaonekana mnene au mwembamba. Mzee Njiku mwenyewe alikwenda mara mbili. Yule mwanamke wa Kichina alisema maneno yale yale mpaka wazee wakaanza kumwitikia marahaba. Kesi ilisimama mpaka jua likageuka na betri ikaanza kuchoka, nikawaomba turudi kwenye shauri.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya akauliza, "Na Mama naye alimwona mkwe wake?"

Nikasema hapana, kamera inaona upande mmoja tu.

"Basi macho hayakukutana. Ni nusu ya kosa."

Nusu ya kosa ikawa nusu ya mbuzi. Hapo ukazuka ubishi mkubwa kuliko wa kwanza, kwamba mbuzi hatolewi nusu akiwa hai, na akichinjwa ni nusu ipi, ya mbele au ya nyuma. Upande wa Ntandu walitaka kutoa ya mbele. Upande wa Mama walisema kosa lilitokea nyuma, kwa hiyo itolewe ya nyuma. Nawaambia nilivyosikia.

Ndipo mlango ukagongwa kwa ndani na fimbo. Wazee wakageukia mlango.

"Kaka," akasema Mama Hawa, "achana na mbuzi. Muulize huyo dereva, miaka yote hii alikuwa anagonga kwa sababu gani? Mbele anaendesha vizuri. Nataka nijue ni ulevi au ni dharau."

Mzee Njiku akauliza, ingawa wote tulikuwa tumeshasikia. Ntandu alisogea karibu zaidi na ukuta. Kulisema tu jambo lenyewe kulikuwa ni kuvunja heshima.

"Mwambieni Mkwe," akasema akiutazama ukuta, "yeye alikuwa anasimama kona ya kushoto kuniongoza. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kinamleta. Kwa hiyo nilikuwa sikitazami kioo cha kushoto."

Kumbe choo cha Mtinko kilikuwa heshima. Ukuta wa Manyoni ulikuwa heshima. Hata lile gari la msiba, taa zikiwaka na wafiwa wakipiga mayowe, lilikuwa heshima. Mtu alitukanwa kipofu na mlevi barabara nzima ya Dodoma, akakaribia kupoteza usukani na mke, na hakufungua mdomo kusema kwamba anachokikwepa ni uso wa mama mkwe wake.

Nilikuwa karibu na mlango, nikasikia Mama Hawa anavuta kamasi. Kisha akacheka, kicheko kile cha zamani cha kwenye sahani ya ugali, ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi. Alicheka mpaka wazee wakaangaliana.

"Mwambieni huyo dereva," akasema alipopata pumzi, "kwenye vioo vya pembeni ni mwiko palepale. Lakini kile cha redio nimekinunua mimi. Kwenye kile anione. Ila anisubiri nifunge kanga. Nikigonga mara tatu, nimeshafunga."

Wazee walijaribu kulijadili, lakini harufu ya chakula ilikuwa imeanza, na yule mbuzi akaliwa mzima na pande zote mbili. Hawa alirudi kwake siku hiyohiyo, kifurushi kichwani. Aliponipita alinigawia nyama.

Tangu hapo lori lile halikugonga tena. Wanaokwenda mnadani waliona mambo yake: Mama Hawa anashuka, anatengeneza kanga, anajipangusa mdomo, anasimama wima mbele ya kamera kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, anagonga mara tatu. Ntandu mbele anainamisha kichwa kwa kioo, ndipo anarudi. Wakati mwingine, alivyoniambia Hawa, hata pakiwa hapana haja ya kurudi nyuma, asubuhi kabla ya safari Ntandu alikuwa anaingiza rivasi kidogo, na Mama anakuja kusimama.

Miaka ilikwenda. Muziki wa ile redio ulikufa kwanza, halafu yule mwanamke wa Kichina, halafu robo ya kioo ikawa nyeusi. Mara nyingi nilimwambia Ntandu aje nibadilishe, akawa anasema bado inaona.

Wiki yangu ya mwisho kibandani lori lilikuja. Ntandu ana mvi sasa. Nyuma kochi ni lilelile, limeshonwa upya, na Mama Hawa alikuwa amekaa humo amejifunga kanga mpya. Hasafiri tena, miguu imekataa, lakini aliagiza abebwe pamoja na kochi lake. Hakuweza kushuka, kwa hiyo safari hii hakuna aliyeingia kibandani. Nikapanga redio juu ya boneti, na mimi nikawa nazunguka lori badala ya ukuta.

"Ntandu, unataka ipi?"

"Yoyote, Fundi. Ina nyuma?"

"Siku hizi zote zina nyuma."

Bodi likagongwa. Nikaenda nyuma.

"Fundi," akasema Mama Hawa, sauti imeshuka sana, "mwambie huyo dereva achague yenye kioo kikubwa. Naona macho yake yameanza kuzeeka."

Nikazunguka kwenda mbele. Ntandu alikuwa ameinamia usukani, na rivasi alikwisha kuingiza. Kwenye kile kipande cha kioo kilichobaki alikuwepo Mama Hawa, mdogo, kanga imenyooka, anatazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Nimesikia," akasema Ntandu. "Lakini sema."

Nikasema. Akapangusa kioo kwa mkono wa shati.

"Mwambie Mkwe anaonekana," akasema.

Nikazunguka lori kumpelekea.